Jibu kwa Mwalimu wa Semina

Colleen, barua yako imefika Jumanne.
Umeme ulikuwa umekatika, nikaisoma kwa tochi ya simu
nyuma ya duka la Candiru, kati ya magunia ya simsim.
Unauliza: nyinyi hufanyaje
mambo yakiwa hivi?

Nilicheka kwanza. Usinichukie.
Nilikukumbuka ukumbini hapa Arua, miaka tisa iliyopita,
karatasi kubwa ukutani, kalamu nne za rangi,
unachora duara: RAIA. Duara jingine: SERIKALI.
Katikati mshale, unakwenda na kurudi.
Onzima akanyoosha mkono, akauliza
mshale huo unapita barabara gani,
maana ya kwenda wilayani ina mashimo.
Ukaandika "mashimo" kwa kalamu ya kijani.
Mchana tukala kuku. Tukatia sahihi mara mbili,
moja ya kuku, moja ya nauli.

Sasa redio hutuletea kwenu kila jioni.
Tumeyajua majimbo yenu
kama tulivyozijua zamani timu za Uingereza.
Tunasikia ya watu wanaokamatwa na waliofunika nyuso,
ya majaji wanaoandika, na wanaoandikiwa wakigeuka upande.
Candiru haizimi. Anapunguza sauti tu,
kama mtu anayesikiliza ugomvi
kwa jirani aliyezoea kuja kuamua wake.

Kisha sahihi moja kwenu
ikafunga kabati la dawa kwetu.
Nesi Drateru alitoka na kopo la mwisho,
akahesabu vidonge mbele yetu kwa sauti,
na alipofika mwisho akahesabu tena.
Acidri wa bodaboda akanivuta kando:
Katibu, hiyo kura yao
sisi tunaipigia wapi?

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na daftari.

Hatukuandamana. Bei yake hapa unaijua.
Tulikwenda kusoma bajeti ya wilaya,
imebandikwa nyuma ya mlango unaoachwa wazi
ili ukuta usionekane.
Tukaufunga mlango. Tukasoma.
Mapazia ya ukumbi: milioni kumi na nne.
Dawa za dharura: kistari.

Tukakusanya vidole gumba, mia tatu na kumi na saba,
sokoni, kisimani, kwenye foleni ya mashine ya kusaga.
Kidole cha Hajati Zamzam kikakataa.
Miaka hamsini ya kusuka, ukili umekula mistari yote;
aliacha doa jeusi, laini kama kokwa.
Karani akasema: hii si alama ya mtu.
Hajati hakubishana.
Akakaa mlangoni pake, akafungua kifurushi cha ukili.
Siku ya kwanza, kitako cha kikapu.
Siku ya pili, ubavu.
Wageni wa karani wakawa wanamruka.
Siku ya nne kikapu kilifika ukingo,
na muhuri ukapatikana.

Tuliomba maboksi arobaini. Yamekuja sita.
Mapazia nayo yamekuja, ya zambarau.

Kwa hiyo sina mchoro wa kukutumia.
Tafuta mlango wanaouficha ukuta wenu, uufunge.
Tafuta asiye na alama ya kidole, akae mbele.
Nenda na kazi ya mikono; mle ndani wanakawia.
Wapo watakaosema huku: waache nao waonje.
Onzima alisema hivyo, nami, siku moja, nilisema.
Lakini Acidri ananunua vidonge kwa mkopo,
na uchungu wenu haumpunguzii hata kimoja.

Tulifunzwa, ukiona mwenzio ananyolewa, tia chako maji.
Chetu kimelowa siku nyingi, Colleen.
Hatukudhani wembe unajua njia ya kwenu.
Sogea. Maji yamebaki kwenye beseni,
si masafi sana.

Naituma hii umeme ukirudi.
Hajati anakusalimu. Anauliza
kama huko kwenu
ukili unapatikana.